Tepe Zilizoshonwa kwa Mkono

Juzi, kwa fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Birere, niliona boksi la tepe kuukuu za askari, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu ambayo jirani yetu Mama Furaha aliingia kwetu ameshika kipande cha mkono wa shati. Mume wake, kaporali, alikuwa amekwenda vitani upande wa Rutshuru na habari zake zilikuwa zimekatika. Mtu alimletea kile kitambaa, akamwambia ndicho kilichobaki.

Babu yangu, aliyetoka jeshini zamani, alikigeuza polepole. Kilinuka moshi na udongo mbichi. Alizitazama tepe mbili za kaporali, akapitisha ukucha kwenye uzi.

"Hii si ya bwana yako," alisema. "Ilishonwa kwa mukono, kama zetu za zamani. Siku hizi zinatoka kwa mashini."

"Kweli, muzee?"

"Kweli, mama. Mwenye hii angekuwa na mvi kama mimi."

Mama Furaha aliketi chini, akalia kwa sauti. Sikujua kwamba mtu huweza kulia kwa kupata nafuu. Nilidhani analilia tepe nzuri. Nilikimbia chumbani nikaleta za babu mwenyewe, zilizonukia naftalini, nikamwekea mapajani.

"Chukua hizi, mama. Hizi hazina matope."

Alicheka huku machozi yanamtoka, akanikumbatia. Babu hakudai zirudishwe.

Mume wake alirudi baada ya mavuno mawili, amekonda sana. Kabla hajala, alikuja uani kwetu, akasimama wima mbele ya babu, akampigia saluti.