Seli Nyeupe Zilipopungua

Siku yangu ya kwanza kazini, Kajiado, sikupewa hata kiti. Mkuu wa Maabara alinipa slaidi yenye usaha uliotolewa kwenye mguu wa mchungaji aliyechomwa na mwiba, akaniambia niangalie kwenye hadubini mpaka nione kitu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa binti wa Machakos, nimetoka chuoni juzi, sijui hata kuitikia "Sopa", salamu ya Wamaasai.

"Unaona nini?" aliniuliza.

"Seli nyeupe, mkuu. Nyingi sana. Zimekufa."

"Zilitoka wapi?"

"Kwa damu."

"Na zilijuaje mguu umechomwa?"

Akanieleza jambo ambalo chuoni nilikuwa nimelikariri tu. Mwili ukiumia, nyama ya pale hutoa kemikali za kuita msaada. Mishipa midogo iliyo karibu hupanuka, ndiyo maana mahali hapo huvimba na kuwa moto. Ukuta wa mshipa, kwa ndani, huanza kunata. Seli nyeupe iliyokuwa ikipita zake hubingirika juu yake, ikapunguza mwendo, ikashika, kisha ikajipenyeza nje na kuzifuata zile kemikali hadi kwenye kidonda. Za kwanza kufika huitwa neutrofili. Humeza bakteria na kufa papo hapo, na mizoga yao ndiyo usaha.

"Kwa hivyo ukihesabu seli kwa damu," alisema, "jua unahesabu zile ziko njiani. Zilizofika huzioni."

Baada ya miaka minne nilipelekwa zahanati ya Mashuuru. Miaka ya elfu mbili ikanikuta Kitengela, katika hospitali ndogo ya watu binafsi yenye chumba kimoja cha upasuaji. Tulihesabu kwa macho: unachanganya damu na dawa ya kuvunja seli nyekundu, unaweka tone kwenye kioo chenye miraba, unahesabu mraba baada ya mraba.

Asubuhi moja aliletwa Naserian, mama wa watoto wawili aliyekuwa akifanya kazi ya kufunga maua katika shamba moja upande wa Isinya. Tumbo lilikuwa limemuuma siku tatu. Seli zake nyeupe zilikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida. Daktari Mkuu alishuku uvimbe wa kidoletumbo, yaani apendeksi, lakini akaamua kumpa dawa na kumwangalia kwanza.

Saa nane mchana akaagiza damu nyingine. Nilipohesabu, seli hazikufika hata nusu ya kiwango cha mtu mzima mwenye afya. Nikadhani nimekosea. Nikaosha kioo, nikahesabu tena. Nikaenda kutoa damu upya, nikahesabu mara ya tatu. Jibu lilikuwa lile lile.

Nilimkuta Daktari Mkuu wodini akitabasamu. Naserian mwenyewe alikuwa amesema maumivu yamepungua.

"Umeona?" daktari alisema aliposoma karatasi. "Zimeshuka. Dawa imeshika. Kesho ataenda nyumbani."

Niliugusa mkono wa Naserian. Ulikuwa baridi, na alikuwa akihema haraka haraka. Mama yake, aliyeketi pembeni, alinishika koti.

"Mtoto wangu ako aje?"

Nilijinasua taratibu. Nilirudi maabara karibu nikikimbia, nikapaka damu kwenye slaidi, nikaitia rangi. Neutrofili chache zilizobaki karibu zote zilikuwa changa, viini vyao vimepinda kama kiatu cha farasi, na chembe nyeusi zimejaa ndani ya seli. Hizo ni seli ambazo uboho wa mifupa huzitoa kabla hazijakomaa, kwa kuwa zilizokomaa zimekwisha. Naserian hakuwa akipona. Seli zake zilikuwa zimeitwa zote tumboni, na mwili haukuwa na nyingine za kutuma.

"Daktari, naomba uje uone slaidi," nilimwambia niliporudi wodini.

"Kazi yako ni kuhesabu," alijibu bila kuinua kichwa. "Kutibu niachie mimi."

Sista wa wodi alinitazama, akaangalia chini.

"Nimehesabu, Daktari. Ndiyo maana siondoki hapa."

Alinifuata maabara kwa hasira. Aliinama kwenye hadubini, akakaa hivyo muda mrefu. Aliposimama alienda wodini, akalibonyeza tumbo la Naserian. Lilikuwa gumu kama ubao. Kufikia saa kumi walikuwa wamempasua. Kidoletumbo kilikuwa kimepasuka, ndiyo maana maumivu yalitulia kwa muda, na usaha ulikuwa umeenea kila mahali.

Alilazwa wiki nyingi, na siku kadhaa tulikata tamaa. Lakini alitoka kwa miguu yake. Daktari hakunishukuru. Ila tangu siku hiyo alikuwa anakuja maabara mwenyewe, anauliza, "Naweza kuona?"

Nimestaafu sasa. Mashine huhesabu kwa dakika moja, na vijana wananiita niwasimulie habari za Naserian. Huwa wananiuliza nilipata wapi ujasiri ule. Nawaambia ukweli, ingawa hawaupendi. Nilipokuwa Mashuuru, seli nyeupe za mzee mmoja mwenye homa ya mapafu zilishuka vivyo hivyo. Sikupaka slaidi. Sikuenda kumshika mkono. Nilitoka na karatasi, nikamwita binti yake aliyekuwa akingoja nje, nikamwambia kwa furaha, "Baba anapona. Tuma watu nyumbani wajue."

Akatuma. Walifika kesho yake wakiwa wamevaa shanga za sherehe, wakamkuta ameshakufa.