Ukitafuta Gadeni ya Bia, Angalia Fensi Kwanza

Kuna siku moja, mwanangu, hata nikisahau jina langu hiyo siku itabaki. Ilikuwa Jumamosi, hapa Nyeri, miaka ile ya tisini, wakati hakukuwa na simu ya mfukoni na mtu akikutaka alikuwa anakutafuta na miguu. Siku hiyo nilikaribia kukosa mke kwa sababu ya gadeni ya bia.

Usicheke bado. Mahali pa kucheka nitakuonyesha.

Nasema haya kwa sababu naona nyinyi vijana mkitaka mahali pa kukaa mnauliza simu, na simu inawaambia hii iko na nyota nne, ile iko na nyota tano. Ati nyota! Sisi nyota tuliziona tukitoka gadeni, si tukiingia. Na simu haijui unaenda na nani. Hapo ndipo mimi nilianguka, tena nilianguka bila simu.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kubeba magunia ya viazi sokoni. Shingo yangu ilikuwa nene mpaka shati nilikuwa naanzia kifungo cha tatu. Shule niliacha mapema, mimi na mwalimu hatukuelewana juu ya saa ya kuamka. Sasa kulikuwa na msichana anaitwa Wambui, alikuwa anashona sweta na mashine karibu na steji ya matatu. Nilinunua sweta kwake mpaka ndugu zangu wote wakavaa, majirani wakavaa, na mwisho hata ndama wetu akapata moja ya kijani. Wambui akaniambia, "Wewe, badala ya kunimalizia uzi, si uje uongee na baba?"

Baba yake alikuwa Mzee Nderitu, mzee wa kanisa, mtu wa koti ndefu na maneno mafupi. Mama yake ndiye alikuwa anaongoza akina mama wa kanisa hiyo hiyo. Kwa boma yao bia haikuwa imevuka geti hata kwa ndoto. Lakini unajua desturi yetu Wakikuyu: mzee haombwi binti na koo kavu. Lazima aonje njohi kwanza, ile pombe ya wazee, hata kama ni ya kulowesha ulimi tu, ndio mdomo ufunguke. Kwa hivyo Mzee Nderitu alikuwa katikati, desturi inamvuta huku, kanisa inamvuta kule. Akatuma neno kwa baba yangu mdogo, Kariuki, ati kabla ya kwenda kwake rasmi tukutane mjini, sisi watatu tu, anitazame. Asipopenda anachoona, hakuna haja ya kusumbua watu.

Baba mdogo akaniita.

"Wewe ndio unajua mahali za siku hizi," akasema. "Tafuta gadeni. Lakini mimi ningesema twende tu Kamakwa, pale nyuma ya bucha, kwa yule nyanya mzee anauza bia."

"Baba mdogo, pale? Viti ni magogo!"

"Gogo haijawahi kuangusha mtu."

"Na ile fensi ya kayaba imemea na miiba yake mpaka ukiwa ndani huoni barabara."

"Ndiyo," akasema. "Na barabara haikuoni."

Hayo ya mwisho sikuyasikia. Sikio la kijana halina tundu upande wa mzee.

Nikaanza kutafuta. Mwanangu, nilitafuta gadeni vile watu wengine wanatafuta kazi. Niliingia moja huko Ruring'u, nyama ilikuwa ngumu mpaka mbwa wa hapo alikuwa anabweka na meno ya kuazima. Nikaenda nyingine Skuta, bia ilikuwa sawa lakini viti vilikuwa chini sana, magoti yangu yalikuwa yananinong'oneza masikioni. Nilipanda mpaka Nanyuki. Huko nikapata gadeni imejaa askari wazungu, wekundu kama nyanya za Kagio, na vile bei ilikuwa nikakunywa maji ya mfereji nikarudi nyumbani nimelewa njaa.

Mwisho nikaipata, mpya, pale pale Kamakwa, mbele kabisa. Nyasi imekatwa kama kichwa cha mtoto anaenda shule. Mawe yamepakwa chokaa. Kila meza iko na mwavuli wake mkubwa, rangi rangi. Kuna jukwaa dogo na mtu wa gitaa, mmoja tu, na spika mbili kubwa kama kabati za harusi. Na fensi? Waya tatu. Ng'ombe mwembamba angepita bila kuinama. Ukikaa hapo unaona barabara yote, na mawingu yakiondoka unaona mlima wote. Nikasema, hii ndio yenyewe. Kizuri chajiuza, si ndivyo wanasema? Mimi nikanunua.

Jumamosi ikafika. Mchana, jua limetoka, mimi nimepaka mafuta mpaka nzi wanateleza. Mzee Nderitu akaja na koti yake na kofia yake, akasimama kwa mlango, akaangalia zile waya kwa muda mrefu.

"Fensi iko wapi?"

"Ni hiyo, Mzee. Wameacha wazi ndio mtu aone mlima."

"Mlima nimeuona tangu nizaliwe," akasema. "Haujabadilika."

Baba mdogo akaniangalia vile mtu huangalia mbwa amekula mayai.

Mzee akakaa, mgongo kwa barabara, kola juu. Akaja msichana wa kuhudumia, na huyo alikuwa na sauti ya mtu amelelewa akiita mbuzi ng'ambo ya bonde.

"Mzee, moto ama baridi?"

Wazee wetu, mwanangu, hawapendi bia ya friji. Wanataka ile imelala kwa kreti, hiyo ndio inaitwa moto.

"Soda!" Mzee akasema kwa nguvu, ndio hata mwenye kupita asikie. Halafu kidole chake kikagonga meza, pole pole. Baba mdogo alijua lugha ya vidole. Akamnong'oneza msichana, "Ile soda ya wazee. Moto. Iweke kwa kikombe ya chai."

Msichana akageukia kaunta: "Bia moto moja, ya mzee wa koti! Ati anataka iingie kwa kikombe!"

Niliona kola ya Mzee ikipanda yenyewe.

Nyama ikaja. Mimi nikachukua ubavu mmoja nijipe moyo. Kumbe mtu wa gitaa ametuona. Na mtu wa gitaa anaishi kwa kusifu meza, ndio meza imkumbuke. Akashika maikrofoni.

"Leo tuko na wageni wakubwa! Mzee wa koti ndefu, ameletwa kunyweshwa na mkwe wake! Mzee, inua kikombe tukuone!"

Hiyo sauti ilifika Mwea. Watu waliokuwa wameinama kwa mpunga walisimama wima wakaangalia juu. Na kama ilifika Mwea, je, kwa barabara hapo nje? Na nani alikuwa kwa barabara? Akina mama wa kanisa, wametoka mazoezi ya kwaya, vitambaa vyeupe kichwani, na mbele yao Mama Wambui.

Sijawahi kuona mzee akienda mbio hivyo akiwa amesimama mahali pamoja. Alishika ule mwavuli wa meza, akavuta, ukamfunikia mpaka kwa magoti. Halafu mwavuli ukang'oka kwa meza ukaanza kutembea kuelekea choo. Mtu wa gitaa akaweka gitaa chini. Mama Wambui akaja mpaka kwa waya.

"Mwavuli!"

Mwavuli ukasimama.

"Mwavuli, hujambo?"

"Sijambo," mwavuli ukajibu, na sauti ndogo.

"Naona umevaa viatu. Hivyo viatu mimi ndio nilinunua Krismasi."

Mwavuli ukavuta kiatu kimoja ndani.

"Ukimaliza, kuja nyumbani. Ng'ombe hajakamuliwa."

Halafu akanigeukia mimi. Sasa, kwetu mama wa msichana hafai kukuona ukitafuna. Hiyo ni aibu ya kulala nayo. Na mimi ule ubavu ulikuwa umelala kwa mdomo, upande mmoja ndani, upande mmoja nje. Nikafikiria kuumeza. Nikafikiria kuutema. Nikauacha hapo hapo nikamsalimia nao. Hakuna mtu alielewa, hata mimi.

"Na huyu ndiye mkwe?" akauliza wenzake. "Anaongea kama fisi."

Wakaenda wakicheka, kila mtu na sauti yake ya kwaya.

Mzee akatoka kwa mwavuli, kofia imeangalia nyuma. "Kariuki," akasema, "hayo mambo ya binti yangu yamekwisha."

Hapo mwanangu sasa usicheke. Hapo niliona Wambui akienda mbali, na mashine yake, na maisha yangu yote ikimfuata nyuma kama uzi. Nilikuwa naweza kubeba magunia mawili, lakini hayo maneno hayakubebeka.

Baba mdogo hakubishana. Alisema tu, "Sawa, Mzee. Lakini hujaonja kitu. Mtu hatumwi nyumbani kwa vita na koo kavu." Akatupitisha njia ya nyuma mpaka kwa yule nyanya wa magogo. Tukaingia ndani ya kayaba. Hakuna mtu alituangalia. Hakuna mtu aliuliza moto ama baridi. Nyanya alimletea Mzee kikombe kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe. Nikaelewa hiyo gogo ilikuwa inajua makalio yake kwa miaka mingi.

Akakunywa. Akashusha kola. Ndio akaniuliza:

"Kijana, ile gadeni ya waya ulichagua kwa nini?"

"Ni nzuri, Mzee. Iko na miavuli."

"Nzuri kwa nani?"

Nikaanza kuchubua gogo na kucha.

"Uliuliza nyama. Uliuliza bia. Uliuliza viti. Hukuuliza mgeni wako anaogopa nini. Na binti yangu ukimchukua je? Utamwekea nyumba inakupendeza wewe, na hutamuuliza ni kitu gani inamkosesha usingizi?"

Mwanangu, mimi nimechapwa na baba, na mwalimu, na siku moja na ng'ombe. Hakuna iliniuma kama hiyo.

"Kama unamtaka," akasema, "nenda kwa mama yake saa hii. Mwambie ni wewe uliniweka pale. Mimi nitakuja nyuma."

"Nyuma, lini?"

"Giza ikiingia. Acha kwanza niombe." Na akainua kikombe.

Nikaenda peke yangu. Mama Wambui alikuwa anakamua, hakugeuza hata kichwa.

"Ni yule wa ubavu?"

"Ni mimi, mama. Ile gadeni nilichagua mimi. Mzee hata hakutaka kuingia."

Maziwa ikaendelea kulia kwa ndoo, cwii, cwii. Halafu akasema, "Unafikiri sijui anakunywa? Napita pale kwa nyanya namsikia akikohoa ndani. Kikohozi yake naijua kuliko nyimbo za kanisa. Lakini kuna kayaba. Mimi sioni, yeye haonekani, na Jumapili tunaingia kanisani sote na heshima yetu. Sasa wewe umenifanya nione, mbele ya kwaya. Macho hayana pazia. Nikishaona lazima nigombane, na mimi sina nafasi ya kugombana, niko na ng'ombe."

"Nisamehe, mama."

"Utaleta mbuzi."

"Ya nini, mama?"

"Ya kunifuta macho."

Baba mdogo amekaa kwa mazungumzo ya mahari ya nusu ya Nyeri, na mbuzi ya kufuta macho hakuwa amewahi kuisikia. Lakini nani angebishana? Tulipeleka. Mama Wambui akaipika akaita kwaya nzima, wakala mpaka wakafutika macho wote, na mdomo uliojaa nyama hauna nafasi ya hadithi. Habari ya mwavuli ikafa hapo.

Ndio sasa tukaitwa rasmi. Njohi ililetwa kwa mtungi na kila mtu akakubali kuiita uji. Na unajua kwetu msichana huulizwa mbele ya watu, baba yako anywe hii ama airudishe? Akisema anywe, amekukubali. Nilikuwa natoka jasho mpaka viatu vinalia. Wambui akaangalia baba yake, akaniangalia mimi, akasema:

"Anywe. Lakini kwanza mtafutieni mahali pa kukaa, huyu bwana asichague."

Watu wakacheka mpaka kuku wakatoka kwa nyumba. Mama yake ndiye alicheka ya mwisho, na ndiye alisogeza kiti ya mzee nyuma ya ghala.

Kwa hivyo nisikilize, mwanangu. Ukitafuta gadeni, nyama itakuja, bia itakuja, hata mwavuli utakuja. Wewe anza na mgeni wako. Muulize, na kama hawezi kusema, muulize mtu anamjua, maana kuuliza si ujinga, na wazee wetu husema mwenye akili ni yule ameambiwa. Mahali watu wanaongea bila kupiga kelele, kaa. Mahali mtu wa gitaa anauliza jina lako, hama. Na ukikuta mtu amejisitiri na fensi yake, usiende na panga ati unataka aone mlima. Nyumba nyingi unazoona zimesimama, zimesimama kwa sababu kuna mtu anapita nje, anasikia kikohozi, na anaendelea na safari yake.

Sasa sogea hapa karibu nikuteme mate kidogo kifuani, vile wazee wetu walibariki. Mungu akupe kiti imara na wenzako wa kuketi nao. Akupe mama mkwe mwenye kicheko. Akupe mke wa kukukatalia ukikosea na kukufunika ukianguka. Njaa yako isitangulie nyama yako, na nyama yako isitangulie wageni wako. Basi, nenda. Na hayo mate usipanguze, acha yakauke yenyewe.