Mpulizia Dawa wa Lambwe na Kurasa Zake Kumi za Kila Siku

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mwikwabe Gisiri anatua pampu yake ya mgongoni kwenye nyasi zenye umande katika boma moja la Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Ng'ombe kumi na wanne wamekwisha kuingizwa katika kichochoro cha miti, mmoja nyuma ya mwingine. Mwenye mali, Gordon, amesimama pembeni akitazama simu yake. Anataka kuwahi sokoni.

Mwikwabe hana haraka. Anavaa glavu, anatoa chupa ya dawa ya kupe na mbung'o kwenye mkoba, kisha anaanza kusoma lebo kwa sauti: jina la dawa, mnyama anayefaa kupuliziwa, kipimo, tarehe ya kuisha nguvu, siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa. Hasomi kwa kasi. Anafika mwisho, anaigeuza chupa, anasoma upande wa pili.

Gordon ameyasikia maneno hayo kila baada ya wiki mbili kwa miaka mingi. "Hata mimi nimeyashika kwa kichwa," anasema. "Lakini ukimwambia aruke mstari, anafunga mkoba wake anaenda zake."

Kwa kazi hii Mwikwabe hulipwa shilingi 20 kwa kila ng'ombe, na siku njema huwapulizia hamsini. Ila kabla ya kubeba pampu, tangu saa kumi na moja alfajiri, huwa amekwisha kufanya kazi nyingine isiyo na malipo: kusoma kurasa kumi. Leo zilikuwa za kitabu cha baiolojia cha kidato cha pili, sura ya mzunguko wa damu.

Ana umri wa miaka 44. Alipokuwa na miaka 33, hakuweza kusoma sentensi moja.

Alizaliwa Kehancha, Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Baba yake alipofariki, Mwikwabe alikuwa darasa la tatu. Aliacha shule akashika fimbo ya kuchunga. Mwaka wa 2009 alihamia Lambwe pamoja na mkewe, Scovia, akaajiriwa kuchunga ng'ombe, na baadaye akanunua pampu kuukuu akaanza kazi ya kupulizia dawa. Aliweza kuandika jina lake na kutambua namba. Hayo yalimtosha, au ndivyo alivyodhani.

"Chupa nilizijua kwa rangi," anasema. "Ya kijani, vifuniko vinne kwa pampu moja. Ya buluu, viwili. Hakuna mtu aliwahi kuniuliza zaidi."

Asubuhi moja ya Aprili 2014 aliitwa nyumbani kwa Damaris Nyatichi, mjane mwenye asili ya Kisii aliyekuwa akiuza maziwa. Damaris alimkabidhi chupa ya kijani aliyoinunua siku iliyotangulia, akaondoka kupeleka maziwa kwa wateja. Mwikwabe akachanganya vifuniko vinne kama kawaida, akawapulizia ng'ombe wake wote watano.

Kumbe dawa ya zamani ilikuwa imeisha dukani. Hii ilikuwa mpya, kali zaidi, nayo ilikuja katika chupa ya rangi ileile.

Kufikia saa sita mchana ng'ombe walikuwa wakitokwa povu mdomoni na kutetemeka miguu. Damaris aliporudi alikuta wawili wamelala ubavu, wamekwisha kufa. Wa tatu, yule aliyekuwa akikamuliwa na ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomsomesha mwanawe Onchiri, alikufa mbele yake kabla ya jua kutua. Wawili waliobaki walinusurika, lakini mmoja hakuzaa tena.

Naibu wa chifu aliitisha kikao. Mwikwabe hakujitetea. Alitoa mitamba wake wawili, ndio mifugo pekee aliokuwa nao, na Damaris akakubali. Kwa sheria ya kijiji, shauri lilikwisha hapo. Lakini hakuna aliyemwita tena kupulizia. Kwa miezi kadhaa alikwenda Uriri kufanya vibarua katika mashamba ya miwa, na aliporudi Scovia akamshauri warudi Kehancha, waanze upya mahali ambapo hawatanyooshewa vidole.

Alikataa. Chupa ile alikuwa ameihifadhi, imefungwa kwenye kitambaa juu ya kabati. "Nilitaka kwanza nijue ilisema nini," anaeleza. "Watu wote walikuwa wamenihukumu kwa maneno yaliyo kwenye hiyo lebo, na mimi peke yangu ndiye sikuyajua."

Aliyemfikiria kwanza alikuwa yule yule ambaye yeye mwenyewe alimkosea. Kila alasiri, baada ya kukamua, Damaris alikuwa na desturi ya kukaa kwenye baraza ya nyumba yake akisoma chochote alichopata: magazeti ya juzi, vijitabu vya zahanati, masomo ya Sabato ya kanisa lake la Waadventista. Mwikwabe alikuwa amemwona hivyo miaka yote. Akaichukua chupa, akaenda.

Siku ya kwanza Damaris alimwona akiingia, akafunga mlango. Siku ya pili akafanya vivyo hivyo. Siku ya tatu alitoka, akapokea chupa bila salamu, akaisoma akiwa amesimama.

"Hapa imeandikwa kifuniko kimoja," alimwambia. "Kwa Kiswahili, Mwikwabe. Si Kizungu."

Damaris, ambaye sasa ana miaka 63, anasema hakulala vizuri siku hiyo. Si kwa hasira tu. Anakiri kwamba kwa miezi mingi alikuwa amekwepa jambo moja. "Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa kila siku," anasema. "Na ile chupa niliibeba mkononi kutoka dukani mpaka nyumbani, sikuitazama. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilijua, na sikusoma."

Mwikwabe aliporudi siku ya nne kumwomba amfundishe, alikubali kwa sharti moja: siku isipite bila kusoma, hata kama ni mstari mmoja. Akikosa siku moja kwa uvivu, asirudi tena.

Ukurasa wa kwanza, wa kijitabu kuhusu chanjo za watoto, ulimchukua siku kumi na moja. Alichanganya herufi, akatoka jasho, akaona haya mbele ya wateja wa maziwa waliopita na kumcheka. Msimu wa mvua alipougua malaria, alifika akijishikilia kwenye uzio, akasoma mistari minne, akarudi nyumbani kulala. Damaris alimwambia baadaye kwamba siku hiyo ndipo alipoamini kuwa hataacha.

Lugha zao, Kikuria na Kikisii, zina maneno yanayofanana, lakini wawili hao walisomea Kiswahili, na Kiingereza kikafuata miaka miwili baadaye. Mwikwabe alianza na ukurasa mmoja kwa siku. Kisha tatu. Tangu 2018 hajashuka chini ya kumi.

Anasema faida ya kwanza aliiona kichwani mwake, na hasemi kwa mafumbo. Kwa miaka alikuwa akiumwa kichwa kila jioni baada ya kazi, akidhani ni jua. Kijitabu cha maofisa wa mifugo kilimfundisha kwamba dawa hupenya kwenye ngozi. Alinunua glavu na kitambaa cha kufunika pua. Maumivu yakaisha ndani ya mwezi mmoja.

Scovia anaiona faida nyingine. Anasema mumewe alikuwa mtu wa kunyamaza kwenye mikutano, kisha akifika nyumbani anagomba. "Alikuwa anaogopa kuulizwa kitu," anasema. "Siku hizi anauliza yeye. Na nyumbani kumetulia." Scovia mwenyewe, aliyefika darasa la sita, sasa husoma kurasa tano wakati uji unapochemka.

Wateja walirudi polepole, wa kwanza akiwa Gordon mwaka wa 2016. Mwaka wa 2023 Mwikwabe alifanya mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, kama mtahiniwa wa kibinafsi, katika mwaka wa mwisho wa mtihani huo, akiwa amekaa katikati ya watoto waliomwita baba. Alipata alama 267 kati ya 500.

Lakini kulikuwa na boma moja ambalo hakuitwa. Damaris alimfundisha miaka yote hiyo, akamkopesha vitabu, akamsahihishia insha, na kila baada ya wiki mbili alimwita mpuliziaji mwingine kwa ng'ombe wake. Mwikwabe hakuwahi kumuuliza sababu. Alijua.

Februari mwaka jana, kikundi cha wafugaji 22 kilichanga pesa kununua dawa kwa jumla kutoka kwa mchuuzi aliyepita na mitungi kwenye pikipiki, kwa bei nafuu. Siku ya kupulizia, ng'ombe zaidi ya sitini walikuwa wamekusanywa uwanjani. Mwikwabe alivaa glavu, akaanza kusoma lebo ya mtungi kama kawaida yake. Katikati akaisogeza lebo karibu na macho. Akarudia kimyakimya.

Karatasi ya juu ilikuwa na picha ya ng'ombe. Pembeni ilikuwa imebanduka, na chini yake kulikuwa na lebo nyingine yenye herufi ndogo: dawa ya wadudu wa pamba, isitumiwe kwa mifugo.

Wafugaji walikasirika. Walikuwa wamelipa, na baadhi walikuwa wameswaga mifugo wao kilomita sita. Mchuuzi, aliyepigiwa simu, alisisitiza kuwa dawa ni nzuri na kwamba wengine wameitumia. Mmoja wa wafugaji alimkumbusha Mwikwabe hadharani ng'ombe aliowaua, akamwambia hana haki ya kuwafundisha wenzake. Mwikwabe alitua pampu chini.

"Kwa sababu niliua, ndiyo maana sipulizii," aliwajibu.

Walimpigia daktari wa mifugo, wakamtumia picha ya lebo. Jibu lilikuja baada ya nusu saa: wasiitumie hata tone. Mchuuzi hakuonekana tena, na simu yake haikupokelewa.

Siku mbili baadaye Damaris alimtuma jirani na ujumbe mfupi. Mwikwabe afike Jumanne, na pampu.

Alifika. Alisoma lebo kwa sauti, na Damaris akasimama karibu akifuata kwa kidole. Kisha Mwikwabe akawapulizia ng'ombe wanne wa Damaris. Jioni Damaris aliwakagua mmoja mmoja, akawakamua, akamwachia mwanafunzi wake chupa ya maziwa ya kupeleka nyumbani.

Sasa Mwikwabe anajiandaa kwa mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari. Ana haraka, kwani mfumo wa zamani wa masomo unaelekea ukingoni, na anataka cheti chake kabla mlango haujafungwa. Baiolojia haimpi shida. Aljebra ndiyo inayomsumbua, kwa hiyo tangu mwezi uliopita ameongeza kurasa mbili za hisabati kila alasiri, mezani kwa Damaris.

Akifaulu, ataomba nafasi ya kozi ya miaka miwili ya afya ya mifugo. Kwa sasa sheria inamruhusu kupulizia, si kutibu. Akikuta ng'ombe mgonjwa humwambia mwenye mali aite daktari, na daktari wa karibu yuko umbali wa kilomita thelathini.

"Watu huniuliza nitasoma mpaka lini," anasema, akisuuza pampu yake mbali na kisima. "Hata nikihitimu nikiwa na miaka hamsini, kupe watakuwa bado wapo."