Siku Shifti Alipozikwa Mlali

Jirani yangu wa hapa Msamvu ana mbwa, na kila jioni huyo mbwa hupikiwa pumba kwa vichwa vya dagaa katika sufuria jeusi lisilo na mikono. Sijui kama wewe msomaji umewahi kuishi upande wa pili wa ukuta na harufu hiyo. Ni nzito, ina chumvi na uvundo wa ghala, na ikishaingia kwenye pazia haitoki mpaka pazia lenyewe lichakae. Wapangaji wenzangu hufunga madirisha. Mimi hufungua. Navuta hewa kama mgonjwa aliyeagizwa na daktari kubadili mazingira, na kabla sufuria halijaepuliwa nimeshafika Mlali, ni msichana wa miaka tisa mwenye mwiko mkononi, na Shifti na Ovataimu wananitazama kwa heshima ambayo sijaipata tena kwa binadamu yeyote.

Hao walikuwa mbwa wetu. Majina hawakupewa na sisi. Walizaliwa chini ya ghala la marobota, katika kiwanda cha nguo cha mjini Morogoro alikokuwa akifanya kazi baba yangu, fundi wa mashine za kufumia. Waliowabatiza ni wafanyakazi wenzake. Dume aliitwa Shifti kwa sababu kila king'ora cha kubadilishana zamu kilipolia, naye aliinua pua akakiitikia mwanzo hadi mwisho. Jike akaitwa Ovataimu kwa kuwa hakujua wakati wa kwenda nyumbani. Baba aligawana nao chakula chake cha mchana kwa miaka mingi, na nadhani walimjua kuliko sisi watoto wake, maana wao walimpata angali na nguvu, sisi tukaletewa kilichobaki.

Kisha ukaja wakati wa soko huria. Mitumba ilimwagika sokoni kama mafuriko, shati la Ulaya likawa rahisi kuliko kifungo cha shati letu, na kiwanda kikaanza kukohoa. Zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja, mwisho king'ora kikanyamaza. Watu wakaambiwa mwekezaji yuko njiani. Akaja, akatazama, akaondoka. Wengine husema alichukua mashine, wengine husema alichukua mabati. Baba alichukua mbwa.

Tukahamia Mlali, kwa kina mama. Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama, na anayeisimamia ni mjomba. Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Alilima shamba lisilo lake, akalala katika nyumba iliyosimama kwenye kiwanja kisicho chake, na watoto aliowazaa walihesabiwa katika ukoo usio wake. Mali yake Mlali nzima ilikuwa baiskeli, bisibisi kadhaa na mbwa wawili. Hakulalamika. Ila fundi aliyezoea kelele za mashine ukimweka katikati ya nyanya, ambazo zikikua hazisemi na zikioza hazisemi, hupungua. Tulimwona akipungua, tukadhani ni chakula.

Shifti, kwa upande wake, hakuarifiwa kwamba kiwanda kimefungwa. Asubuhi, mchana na usiku, saa zilezile za zamu, alipanda juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, akaelekeza pua mjini, akalia king'ora chake. Sauti ilipanda milima ya Uluguru, ikazunguka huko nyuma kwenye baridi, ikarudi imevaa sweta. Haukupita muda watu wakawa wanakwenda shamba kwa saa ya Shifti. Fundi saa wa Mlali alifunga kibanda akahamia Mikese, wanaobisha wabishe.

Aliyekuwa hachekeshwi ni Mjomba Ramadhani, kaka mkubwa wa mama na msimamizi wa ardhi yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanzu safi, na mate ya mbwa na kanzu havipatani, ndiyo maana aliagiza mbwa walale nje ya uzio. Lakini kilichomkera zaidi ni kile kilio. Kwa wazee wetu, mbwa akilia hivyo anaita msiba.

"Shemeji," alimwambia Baba, "huyu mbwa wako anatuitia makaburi asubuhi, mchana na usiku."

"Anawaita kazini, shemeji," Baba akajibu. "Tatizo ni kwamba hamjazoea kuitwa."

Sasa nikujulishe kwa Bi Tausi, maana bila yeye hakuna ninachosimulia. Alikuwa bibi mwembamba mwenye shingo ya chuma, aliyeshusha ndizi kichwani kutoka mlimani, na nasikia akipita na mkungu migomba ilijiinamisha kwa hofu. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo Baba alikuwa mtani wake. Isitoshe, ukoo wake na ukoo wa mama zilitaniana toka zamani, kwa hiyo Mjomba naye alikuwa mtani wake. Mwanamke huyo alikuwa na leseni mbili, na mtani, unajua mwenyewe, neno lake halikasirikiwi.

"Mnyamwezi mtumwa wangu, umeamka?" angesema akipita. "Leo umekosa mzigo wa kubeba?"

"Nimeamka, nyani wa mlimani. Mkia umeuacha wapi?"

"Nimemwazimisha mbwa wako, wake ulikuwa mfupi."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo marefu ya Baba kwa siku nzima.

Ovataimu ndiye aliyetangulia. Wakati huo wafanyabiashara wa Dar es Salaam walikuwa wameanza kuja na malori kuchukua nyanya, na Ovataimu, aliyekulia kwenye geti la kiwanda, aliamini kila lori lazima likaguliwe. Moja halikusimama. Baba hakuwepo, alikuwa amekwenda Mikese kusikia habari za kibarua. Mjomba akawaambia vijana wamburute hadi ng'ambo ya kijito, kama ifanywavyo kwa mzoga wowote, na hakuna aliyeona kuna la ajabu. Baba aliporudi aliuliza yuko wapi. Akaonyeshwa upande. Alivuka kijito, akakaa huko kitambo, akarudi mikono mitupu. Fisi walikuwa wamemtangulia.

Jioni ile, akivua viatu, alimwambia mama, "Mama Zena, Shifti akifa mimi narudi Tabora."

Mama alicheka kidogo. Kisha akamtazama usoni, akaacha.

Nilikuwa nimekaa nachambua mchele, nikasikia kila neno. Tangu hapo nikawa daktari wa Shifti. Nilimtoa kupe. Nilimpa dagaa wangu, na wa mdogo wangu pia, ambaye hadi leo hulalamika kwamba ndiyo sababu ya kimo chake. Mvua ikinyesha nilimfunika kiroba. Mama aliona na hakuniuliza. Ila nilianza kukuta pumba zimeongezwa mafuta. Nilimpenda Shifti, sikatai, lakini mapenzi yangu yalikuwa na shughuli ndani yake. Kila alipopanda kichuguu akalia, nilijua Baba yupo mpaka zamu ijayo.

Mbwa hatunzwi akarudi kuwa mtoto. Shifti alizeeka, macho yakaingia ukungu, king'ora kikawa na mikwaruzo. Mchana mmoja saa ya zamu ikapita kimya. Watu walichelewa kurudi kutoka mashambani, kila mmoja akidhani jua ndilo limekosea. Nilimkuta chini ya kichuguu, amelala kwa ubavu, amepoa.

Sikumwambia mtu. Nilikaa naye pale, nikifukuza nzi, nikidhani jambo lisilotangazwa halijatokea. Baba alikuja mwenyewe. Alimgusa sikio, akaenda kuchukua jembe, akaanza kuchimba pembeni mwa shamba, karibu na migomba. Alichimba kama mtu aliyerudi kazini. Majirani walisogea, wakasimama mbali kidogo, wakiulizana kwa macho. Mjomba akafika.

"Shemeji, unachimba nini?"

"Kaburi."

"La nani?"

"La Shifti."

Mjomba alilitazama lile shimo. "Katika ardhi hii wamelala wazee wetu. Mbwa hazikwi, mbwa hutupwa. Na si wewe wa kufungua ardhi ya watu bila kuuliza."

"Basi nauliza."

"Basi nakataa."

Baba aliweka jembe chini taratibu, akanawa miguu. Alimviringisha Shifti kwa kipande cha kitambaa cha kiwandani, akamlaza kwenye tenga la nyanya, akalifunga tenga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tairi. Akaingia ndani, akatoka na begi lake, akalitundika kwenye usukani.

"Nakwenda kumzika kwetu," alisema, kama mtu anayekwenda kununua kiberiti.

Ramani nilikuja kuisoma ukubwani, kwenye masomo ya jioni, nikiwa mama wa watoto wawili. Nikapima kwa kidole kutoka Mlali hadi Tabora, nikakumbuka jua la Dodoma, nikaona kwamba Shifti angefika kabla ya baiskeli, kwa harufu. Lakini siku ile sikuona cha kuchekesha. Mama alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Wanawake wa ukoo walikuwa wanamtazama yeye, si baiskeli. Kumwita mume aliyekataliwa na kaka yako si jambo jepesi. Kumwacha aende si jepesi pia. Hakuuachia mwimo.

Baba akasukuma. Gurudumu la mbele likagonga miguu ya Bi Tausi, aliyekuwa ameketi katikati ya njia, miguu kaitandaza, mkungu wa ndizi kauweka pembeni.

"Maiti haipiti," alisema.

"Bi Tausi, leo sina utani."

"Wewe huna, mimi ninao. Nimesikia kuna msiba na sikuitwa. Tangu lini Wanyamwezi wanatorosha maiti ya watu mchana kweupe?"

Mtu mmoja akaguna. Bi Tausi akainuka, akapanda kichuguu, akainua pua akaielekeza mjini. Alilia king'ora. Nakuapia, kilikuwa kile kile, na mikwaruzo yake ya uzeeni. Kuku walitawanyika, na vijana waliokuwa shamba la mbali walionekana wakikusanya majembe. Akashuka, akajikunja mgongo kama Baba, akakamata kijiti kama bisibisi, akawa anamfungua mbwa asiyeonekana masikio na mkia, akiguna kifundi. Ndipo kicheko kilipoanza, kwanza kwa watoto. Bila kugeuka alikwenda moja kwa moja hadi kwenye shimo, akaingia, akalala chali, mikono kifuani.

"Fupi hili," sauti ikatoka chini. "Mnyamwezi, umechimba kama anayeshona kaptula. Ramadhani, njoo unitoe."

Mjomba alisogea ukingoni. "Toka humo, bibi. Hilo si kaburi."

"Kama si kaburi mimi nimejilaza tu kwenye shimo la watu. Niletee blanketi."

"Bi Tausi."

"Mimi ni mtani. Kwenye kaburi sitoki bure, babu yako alijua, baba yako alijua. Mwenye ardhi ndiye mwenye msiba. Nipe haki yangu."

Mjomba alipangusa kanzu mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Kisha akageuka akaenda kwake. Tulidhani amekasirika. Alirudi na jogoo kwapani, akamwinamia Bi Tausi akampa, kama inavyotakiwa, kwa mikono miwili.

Bi Tausi alimkumbatia jogoo kwa kiwiko, akatoa mkono wa kulia kwa Mjomba na wa kushoto kwa Baba. "Vuteni pamoja," alisema. "Nyie wawili hamjawahi kuvuta kitu pamoja."

Wakamvuta. Baba alikuwa anacheka, kwanza puani, kisha tumboni, kisha akakaa ukingoni mwa shimo na kile kicheko kikabadilika. Alilia mbele ya watu wote. Kazi ilipokwisha hakulia, Ovataimu alipokufa hakulia. Siku ile alilia yote kwa mkupuo. Mama akaachia mwimo, akaiendea baiskeli, akalitundua begi, akaingia nalo ndani.

Shifti alizikwa pale. Mjomba hakushika jembe, lakini hakuondoka mpaka udongo ukajaa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bi Tausi alijipatia jogoo kwa ujanja. Nilikuwa mtu mzima, nimeshakaa kwenye misiba mingi, ndipo nilipotambua kwamba mtani haendi kwenye mzoga. Utani wa kaburini hufanywa penye msiba, na msiba lazima uwe na mfiwa, na mfiwa lazima awe mtu wa mahali pale. Alipolala mle shimoni na Mjomba akalipa, yote hayo yalikubaliwa kwa mpigo mmoja. Na tangu mwanzo Baba hakuwa akigombea kaburi la mbwa. Alikuwa anauliza yeye mwenyewe atalala wapi, ila mwanamume wa kizazi chake hakujua kuuliza hivyo kwa mdomo.

Alibaki Mlali. Alipofariki, Bi Tausi akiwa ametangulia, ndugu zake wa Tabora walipiga simu kuuliza walete gari kumchukua. Mjomba Ramadhani, mzee sana wakati huo, aliomba simu. Akawasalimia vizuri, akawapa pole, akawaambia waje wao tu, gari la maiti wasihangaike nalo, vijana walikuwa wameshaanza kuchimba.