Sindano Ambayo Sikudungwa

Mtu wa kwanza kunipongeza kwa ujane wangu alikuwa mwenye saluni wa hapa mtaani kwetu Munyaka, Eldoret. Tulikuwa tumemzika mume wangu miezi mitatu kabla, nami nilikuwa nimerudi kwenye cherehani kwa sababu nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Akaingia kibandani, akanizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akanibana mkono kwa vidole viwili.

"Mama, umejua kujipenda," akasema. "Hongera. Unatumia ya nani?"

"Ya nani nini?"

Akanikonyeza. "Sawa, ficha tu. Lakini zikikuishia, mimi ninazo."

Nilimtazama akienda na sikuelewa kitu.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilisoma hadi darasa la nane, na hesabu iliyonibaki ni ile ya tepu ya kupimia. Nimepima viuno vya wanawake wa mtaa huu miaka mingi, na sijawahi kumpunguzia mtu hata nusu inchi ili afurahi. Wengine wamenihama kwa ajili hiyo. Kuna fundi mmoja mtaa wa Kapsoya anayesoma tepu kwa huruma, na wateja wake wana raha sana mpaka siku watakapoinama.

Nilipokuwa msichana, mtu akikonda majirani walipunguza sauti. Walimletea maziwa na uji wa wimbi, wakamwombea kanisani bila kutaja ugonjwa. Siku hizi ukikonda Eldoret unaulizwa dozi. Yote yaliletwa na dada mmoja maarufu wa kwenye simu, ambaye alikuwa mnene kama sisi na kila asubuhi alitufundisha kujikubali. Halafu wiki moja akatokea akiwa nusu yake. Akasema ni maji ya ndimu na maombi. Baadaye ikajulikana ni peni ya sindano, dawa ambayo madaktari huwaandikia watu wenye ugonjwa wa sukari na wale ambao uzito wao umekuwa maradhi. Wanawake wa mtaa hawakumkasirikia kwa uongo wake. Walimkasirikia kwa kutowaambia mapema. Haukupita muda, peni hizo zikawa zinauzwa saluni, zimelala kwenye friji katikati ya soda.

Sasa nimlete wifi yangu, dada mdogo wa marehemu. Ni karani kwenye duka la dawa za mifugo mjini, ana miaka thelathini na moja, na mdomo wake hauna breki. Mwanzoni mwa Oktoba alikuja nimpime gauni la harusi. Harusi ilikuwa Disemba.

"Kiuno arobaini," nikasema.

"Andika thelathini na tano."

"Tepu inasema arobaini."

"Tepu inasema ya leo. Mimi naolewa Disemba."

"Na huo mwili wa Disemba uko wapi nikaupime?"

"Unakuja, wifi. Nimeanza sindano wiki jana." Akaketi juu ya gunia langu la vipande vya vitambaa. "Na usinitolee hayo macho. Wewe mwenyewe umetoka arobaini na mbili ukafika thelathini na nne kwa miezi minane, ati ni upepo?"

"Mimi sikudungwa kitu."

"Haya."

"Chakula hakipiti tu."

"Si ndiyo kazi ya sindano? Hata mimi ikinishika vizuri nitasema chakula hakipiti."

Hapo alinishinda. Nilikuwa nasema ukweli mtupu, na ukweli wangu ulikuwa na sura ileile ya uongo wa watu wengine.

"Hata picha yako iko saluni," akaongeza. "Mimi nilianza kwa sababu yako. Nilijiambia, kama wifi, mtu wa kanisa, amedunga na hajafa, mimi nani nisidunge?"

Akanionyesha kwenye simu. Zilikuwa picha mbili, mimi na mimi. Upande wa kushoto nimevaa kitenge, nimejaa, nacheka kwenye harusi ya binamu. Upande wa kulia nimevaa nyeusi, mashavu yameingia, na macho yote mawili yamezibwa kwa ukanda mweusi kama mshukiwa wa wizi wa benki. Chini imeandikwa, "Mteja wetu, Munyaka." Ile ya kulia ilipigwa siku ya mazishi, nikiwa sijala kitu kwa wiki nzima. Jeneza lilikuwa limekatwa, lakini pembeni ilibaki nusu ya shada la maua, na kwenye kiwiko changu palikuwa na mkono wa mama mkwe ukinishikilia nisianguke.

Nilifunga kibanda nikaenda saluni wakati huohuo. Wanawake watano walikuwa wamekaa kwenye viti, wengine vichwa vyao viko ndani ya mashine za kukausha nywele.

"Hii ni picha ya matanga yangu," nikamwambia mwenye saluni.

"Nimekuziba macho, Mama. Nani atakujua?"

"Mimi nimejijua."

"Lakini angalia vizuri. Si umependeza?"

Niliangalia. Sitaficha, nilikuwa nimependeza. Ile nyeusi ilinikaa kuliko nguo yoyote niliyowahi kujishonea, na niliona aibu kuligundua hilo mbele ya watu.

"Tuambie dawa, Mama," akasema mmoja aliyetoa kichwa ndani ya mashine. "Usile peke yako."

"Dawa yangu tuliizika kule Burnt Forest mwezi wa pili," nikasema. "Anayetaka kukonda hivi aanze na mume wake."

Sikusema kwa mzaha. Lakini kicheko kilicholipuka humo ndani kilimwangushia mmoja rola za nywele.

"Wangu hata mkimzika leo," akasema mwingine akifuta machozi, "mimi nitanenepa!"

Nilitoka wakiwa bado wanagongana viganja. Mwenye saluni aliahidi kuitoa picha. Alichofanya ni kukata lile shada.

Gauni nililikata kwa kiuno cha arobaini, kama tepu ilivyosema. Katikati ya Novemba, zikiwa zimebaki wiki tatu, wifi akaja kulijaribu. Alikuwa amefika thelathini na sita. Shingo ilikuwa imerefuka, ngozi ya uso imekuwa na rangi ya majivu, na alinukia peremende kwa nguvu, kama mtu anayefunika harufu nyingine. Nikaanza kubana kiuno kwa pini.

"Bana kabisa," akasema. "Nimeongeza dozi. Nadunga mara mbili kwa wiki."

"Nani alikwambia uongeze?"

"Yule dada wa kwenye simu ameeleza vizuri tu. Harusi ikikaribia..."

Hakumaliza. Aliniangukia na pini zote, nami nikaanguka juu ya cherehani.

Nilimwita mtu wa bodaboda wa hapo kona. Tukamweka wifi katikati, gauni jeupe likiburuta, mimi nyuma nimelishika na kumshika yeye. Zahanati ni hapo karibu. Nesi alipotuona mlangoni, mimi nimetoka jasho na bibi harusi amelegea mikononi mwangu, akauliza, "Bwana amekimbia, ama huyu ndiye amekimbia?"

Alipokwisha kumtundikia maji wifi akazinduka, nami nilipomweleza nesi habari za sindano, hakuwa na utani tena. "Nani alikuandikia hii dawa?"

"Saluni," wifi akasema.

"Saluni siku hizi wanaandika dawa? Umekula nini jana?"

"Chai."

"Juzi?"

Wifi akainua vidole vinne. Siku nne hakuna kilichokaa tumboni. Nesi akamweleza polepole kwamba dawa ile ina watu wake, na hata hao hupimwa kwanza na kupandishwa kidogokidogo na daktari. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Ukiendelea hivi, hiyo Disemba yenu itakuwepo, na hema litakuwa lilelile, na watu walewale. Nguo tu ndiyo watabadilisha."

Nilimpeleka kwangu akapumzike. Kwenye mkoba wake zilikuwa zimebaki peni mbili, nami nilijua. Alilala alasiri yote, akaamka, akasema atapumzika siku tatu kisha aendelee.

"Umemsikia nesi?"

"Nesi anatisha watu. Wewe ulimaliza salama, si uko hapa unanipikia?"

Basi ikawa hivyo. Mtoto wa watu alikuwa tayari kujiua kwa kunitegemea mimi kama ushahidi. Nikiwa jikoni nilifikiria kumdanganya. Ningesema, ndiyo, nilidunga, na figo zimeharibika, acha kabla hujawa kama mimi. Angeamini palepale. Nilijaribu maneno hayo kimoyomoyo, nikayapanga vizuri kabisa, lakini nilipofika sebuleni na kufungua mdomo nikajikuta nasema, "Ugali umeiva."

Siku ya pili nilienda kibandani nikamwacha nyumbani. Niliporudi mchana nilikuta magodoro yamepinduliwa. Kabati lilikuwa wazi. Kopo la unga lilikuwa limechokonolewa kwa kijiko. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, amechoka, uso umejaa unga.

"Unatafuta nini kwangu?"

"Sindano zako. Nilitaka kukuumbua."

"Umeziona?"

"Sijaona hata moja." Akajifuta unga. "Nikatoka nje kupunga hewa, nikaona kuku wa jirani. Wifi, wale kuku wana nini? Wanatembea kama madiwani. Nikamuuliza mama wa pale anawalisha nini. Akaniambia, ni ugali wa mama fundi, anatuletea kila siku tangu afiwe, nusu nzima, na wakati mwingine wote."

Nikaokota kile kijiko cha unga.

"Kwa hivyo ni kweli," akasema. "Unapika, halafu kuku ndio wanakula."

Nilikaa. Kitu nilichokuwa sijamwambia mtu nikamwambia yeye, kwa sababu alikuwa amefika nusu ya njia mwenyewe. Nilimwambia kwamba mimi na kaka yake tulikula sahani moja tangu tuoane. Mwanzoni ni kwa kuwa tulikuwa na sahani moja, baadaye tukazoea. Sikuwahi kupika ugali wa mtu mmoja na sijui unakuwa mkubwa kiasi gani. Kila nikipika unatoka wa watu wawili. Nikikaa nao peke yangu natazama, najaribu kuona nusu yangu ni ipi, sioni. Nikila naona kama nakula yake. Basi nawapelekea kuku.

Wifi alilia kwa sauti kubwa isiyo na adabu, kama anavyofanya kila kitu. Kisha akajipangusa kwa shati nililotoka nalo kibandani, shati jipya la mteja.

"Yaani mimi nimedunga mwezi na nusu," akasema, "nimetapika hadi nyongo, ili nikonde kama mtu anayemlilia kaka yangu?"

"Nilikwambia sikudunga."

"Uliniambia kwa sauti gani hiyo! Ungepiga kelele!" Akafungua mkoba, akatoa zile peni mbili, akaziweka mezani. "Tutampelekea nesi. Lakini tuelewane. Mimi naacha na nitakula, na wewe utakula. Kila siku saa saba nitakupigia simu, uniambie umekula nini."

"Na kama sijala?"

"Utasema hujala, najua mdomo wako hauwezi kingine. Na siku hiyo mimi naenda kununua nyingine. Saluni haijahama."

"Huo ni ukatili."

"Tutaona."

Siku ya kwanza saa saba ilinikuta na kikombe cha chai tu. Simu ikalia. Niliiacha ilie, nikakimbia kwa mama anayeuza chakula kibanda cha pili, nikachota kijiko kimoja cha githeri ya mahindi na maharagwe, nikameza nikiwa nimesimama, nikapokea.

"Githeri," nikasema.

"Sahani?"

"Kijiko."

"Wifi, nimeshavaa koti. Natoka ofisini."

"Ngoja! Usikate." Nikavuta benchi, nikaketi. Nililetewa sahani, na simu nikaiweka mezani ikiwa wazi, na wateja wote wa pale wakanisikiliza nikitafuna mpaka mwisho. Mama wa chakula aliniuliza kama nina deni na mtu. Nikamwambia hapana, ni bibi harusi.

Tuliendelea hivyo. Kuku wa jirani walianza kukonda, na mwenyewe akaja kuniuliza kama amenikosea. Kuhusu gauni, nilimpima wifi siku mbili kabla ya harusi.

"Ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Ungenidanganya hata kidogo tu, wifi. Siku ya furaha yangu."

"Thelathini na nane na robo, basi."

Alinipiga kwa mkoba.

Siku ya harusi niliketi nyuma ya hema, upande wa kina mama. Yule dada maarufu wa kwenye simu hakuwepo, lakini wasichana wengi walikuwa wamekuja wakifanana naye, na walikuwa wakisukuma nyama pembeni mwa sahani. Mimi nilikuwa nimeshika sahani yangu wakati msimamizi wa bibi harusi, mama mnene aliyevaa zambarau, alipopenya katikati ya viti hadi nilipo na kuinama sikioni.

"Bibi harusi ananiuliza umekula nini."

Nikatazama saa. Ilikuwa saa saba na dakika chache.

"Mwambie pilau. Sahani ya pili. Na muulize yeye."

Alienda. Nilimwona akiinama meza ya mbele, kisha akarudi safari yote ile, anahema, ameshika pindo la nguo.

"Amesema anatafuna," akaniambia. "Asisumbuliwe."