Mkia wa Kamba

Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nikachukua kikapu chake cha kuchumia chai, na kwa ajili hiyo tukaachiwa nyumba yetu katika kambi ya wafanyakazi wa shamba. Nilikuwa na wadogo watatu. Anayenifuata alikuwa na mguu mmoja uliokonda tangu ugonjwa wa kupooza, akitembea kwa gongo. Alipokua alipata kibarua cha kupasua kuni za kiwanda. Alipasua ameketi juu ya gogo, na mikono yake ikawa na nguvu ambazo hakuna aliyeziulizia.

Miaka ile ya hamsini, kila sikukuu kambi zilishindana kuvuta kamba, na washindi walipewa fahali. Wanaume wetu walifanya mazoezi jioni kwa kamba nene ya kuvutia magogo ya mikaratusi. Siku moja, kwa mzaha tu, walimwambia mdogo wangu awe mkia wa kamba, yaani mtu wa mwisho. Alichimba shimo dogo, akaketi, akakita mguu mzima ukingoni na kujifunga kamba kifuani. Upande wa pili ulivuta bila kumsogeza, mpaka vicheko vikawaishia. Toka hapo nafasi ile ikawa yake. Walianza kumwita kwa jina, si yule kiwete, na uji wa baada ya mazoezi haukunywewa kabla hajafika.

Siku ya mashindano nilimfulia shati. Wapinzani walipomwona anaketi, mmoja wao akapaza sauti:

"Wazee, hawa wameleta kisiki. Sisi tumekuja kuvuta watu."

"Kisiki kinakutisha nini?" mtu wetu akamjibu, na uwanja ukacheka.

Karani aliyekuwa mwamuzi hakucheka. Alisema mvutaji husimama kwa miguu yake. Anayeketi atoke, la sivyo wale wengine wapewe fahali.

Kiongozi wetu, mchochea moto wa kiwanda, alimwinamia.

"Ndugu yangu, tuachie leo tu. Tutakuvutia."

"Hata mimi nilikuwa nangoja leo," mdogo wangu akasema. Lakini alikuwa ameshaanza kufungua fundo.

Wakaweka mtu mwingine, wakashinda.

Jioni walikuja kwetu wakiimba, wamebeba paja zima la fahali, kubwa kuliko fungu la yeyote kati yao. Waliamini wametenda wema. Niliwashukuru, nikapika. Nilipomwekea mdogo wangu, aliisogeza sahani kando.

"Kula. Ni jasho lako."

"Dada, wavutaji wamekula huko uwanjani. Hii wameniletea kama mgonjwa."

Wadogo wakala fungu lake. Sikuwazuia.

Jumamosi iliyofuata walikuja kumwita mazoezini, na nyingine tena. Aliwajibu kwa upole kwamba kuni zimemzidi. Mwishowe wakaacha kupita.

Sikuwachukia. Walikuwa majirani wema, na fahali si mnyama wa kuachwa aende hivi hivi katika kambi inayokula ugali na mboga. Ninachosikitikia, hata sasa nikiwa mzee, ni kwamba katika wanaume wote walioishika kamba ile, hakuna aliyeitupa chini akasema: kama huyu hafai, basi nami naketi. Ningekaa mwaka mzima bila nyama ili mdogo wangu amsikie hata mmoja akisema hivyo.