Kitabu cha Siku ya Wageni

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha nne hapa Kasese. Naomba mwenye ukurasa afiche jina langu na la shule, maana mji wetu ni mdogo na mimi si mtu wa kelele. Nikiulizwa swali darasani, hata waliokaa dawati la mbele hawasikii jibu langu. Haya ninayowaandikia ni marefu kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu.

Kwetu ni Butembo, Kongo. Tulikimbilia Bwera, mpakani upande wa Uganda, nikiwa mdogo, na mama akaanza kuuza vitenge. Tulikuwa na vyumba vitatu na nilisoma shule ya parokia, yenye madawati mabovu lakini walimu wanaofika darasani. Miaka miwili iliyopita mama alikuja Kasese kumletea mteja mzigo, akapita mtaa wa matajiri, akaona katikati ya yale mageti makubwa kuna shule ya serikali. Alirudi macho yanang'aa.

"Fasi kuko mageti ya vile, masomo haiwezi kukosa," akasema; fasi kwetu ni mahali. "Unafikiri mutoto wa tajiri atasoma fasi mubaya?"

Tukahama. Sasa tunaishi chumba kimoja uani kwa watu, sisi na marobota ya vitenge, ili mimi nisome mtaa mzuri.

Kosa la mama ni hili tu: hakuuliza watoto wa mageti yale wanasoma wapi. Mimi nawaona kila asubuhi, mabasi ya shule za kulipia yanawachukua mlangoni. Shule ya mtaani kwao wametuachia sisi wa vyumba vya uani, na wenzetu ambao wazazi wao waliwateremsha kutoka Kyarumba milimani kwa ndoto hiyohiyo. Mwalimu wa baiolojia tumemwona mara tatu muhula huu. Maktaba ipo, tena ina madirisha ya vioo, ila imefungwa. Nikisimama kwa vidole naziona katoni za vitabu zimepangwa hadi juu.

Katoni hizo hufunguliwa wageni wakija. Kila mwanafunzi anapewa kitabu, anaambiwa afungue na kuinamisha kichwa. Wageni wanapiga picha, wanaondoka, vitabu vinakusanywa na kurudi katonini. Sisi tunaita kusomea picha.

Wiki iliyopita nilipewa cha baiolojia. Nilifungua popote, nikakuta moyo wa binadamu umechorwa kwa rangi, na vyumba vyake vinne. Kwenye madaftari yetu moyo ni duara tu lenye mishale. Nikasoma. Sikujua wageni wameondoka saa ngapi. Mwalimu wa nidhamu, ambaye sote tunamwita Afande, akasimama mbele yangu na mkono ameunyoosha.

"Leta."

Sikusikia.

"Wewe! Kitabu!"

"Bado nasoma, mwalimu."

Darasa likacheka. Masika, ninayekaa naye dawati moja, akanong'ona, "Yee! Bubu imesema!"

"Unasoma nini? Wageni ilishaenda!"

"Ndiyo, mwalimu. Sasa ndiyo kuna utulivu."

Naapa sikuwa nafanya mzaha. Lakini walicheka hadi wengine wakapiga madawati, Afande akainama kuninyang'anya. Nikakitia kitabu ndani ya begi, nikatoka mbele yake.

Kesho yake nilirudishwa getini nikamwite mzazi. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Mkuu wa shule akamwambia, "Mama, mtoto yako aliiba kitabu ya serikali. Aandike barua, aseme 'niliiba', aisome mstarini mbele ya shule yote. Kama hapana, atafute shule ingine."

Mama aliomba aonyeshwe mahali kinapowekwa. Mkuu akafungua maktaba mwenyewe. Mama akapitisha kidole juu ya katoni, akalitazama lile vumbi.

"Hii yote, nani anaisomaka?"

"Tunaitunza, mama. Watoto itaharibu."

"Bwana direkta, mimi niko muuza vitenge. Ukifunga kitenge mu robota miaka mbili, panya njo inaivalaka."

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja mlangoni akacheka peke yake. Mkuu hakucheka, na barua hakuifuta.

Tulipofika nyumbani mama alikaa juu ya robota akalia. "Nilikuondoa Bwera sababu ya geti," alisema. "Geti!" Sasa anataka turudi wiki hii. Kuandika barua amekataa, anasema hakuzaa mwizi. Lakini majina ya mtihani wa mwisho yameshapelekwa kutoka shule hii. Nikienda Bwera sasa, narudia mwaka mzima. Nikiandika neno lile, nafanya mtihani nikiwa mwizi mbele ya watu wote.

Sitarudi Bwera, na "niliiba" sitaandika. Nimemwomba mama aningoje hadi Jumatatu, siku ya mstari. Kitabu nimekimaliza jana, ukurasa wa mwisho na faharasa yake. Barua pia nimeandika, ni fupi: "Nilichukua kitabu cha wanafunzi kwa sababu mimi ni mwanafunzi. Nakirudisha kwa sababu nimekisoma chote. Naomba kingine." Masika ameapa atasimama kando yangu nikiisoma, ingawa hata yeye anaogopa.

Kwa hiyo ndugu zangu, walimu na wazazi mlioko humu, msinishauri niombe radhi, hilo nimeshaambiwa na wengi. Mstari wetu ni mrefu, unafika hadi kwenye geti. Niambieni tu: mtu mwenye sauti ndogo kama mimi afanye nini ili hata wa nyuma kabisa wamsikie?